Bunduki Moja kwa Wanyama Wote

Wapo watu wadhanio kuwa historia ya uwindaji katika Afrika ya Mashariki ni historia ya ushujaa tu: mtu, simba, na bunduki. Lakini msomaji atakayevifungua vitabu walivyoviandika wawindaji wenyewe ataona ya kuwa kurasa nyingi hazisemi habari za simba wala za ushujaa, bali zabishana juu ya bunduki. Na katika mabishano hayo swali moja larudi mara kwa mara. Kama mtu hana uwezo wa kuwa na bunduki ila moja, ambayo kwayo atampiga swala wa kitoweo asubuhi, na jioni huenda akakabiliwa na nyati kichakani, achague bunduki ya namna gani? Swali hili laonekana kuwa dogo, linalowafaa wauza bunduki na wateja wao. Walakini jibu lake liliwagharimu watu wengi maisha yao, na mara nyingi aliyelipa gharama hiyo hakuwa yule aliyechagua. Kwa ajili hiyo lastahili kuchunguzwa na mwanafunzi wa historia.

Kwanza tufahamu ugumu wenyewe. Swala tomi ana uzito wa kilo 20 na kitu. Swala pala hufika kilo 50 au 60. Kongoni hupita 120. Pofu dume aliyekomaa aweza kufika kilo 900, na nyati ni kama 600 hata 800. Tembo dume ni mlima mwingine kabisa, kwa maana hupata kilo 5,000 na zaidi. Tena wanyama hawa hawakai mahali pamoja. Swala husimama uwandani, mbali, akimtazama mwindaji. Nyati na tembo mara nyingi huonekana ghafula katika kichaka, hatua 15 au 20 tu mbele ya macho. Kwa swala yatakiwa risasi nyepesi iendayo mbali bila ya kuanguka. Kwa nyati yatakiwa risasi nzito ipenyayo ngozi, nyama na mfupa bila ya kupinda. Mwenye kutaka haya yote katika mtutu mmoja alikuwa kama mtu atakaye shoka la kukatia miti lifae pia kunyolea ndevu.

Kabla ya bunduki kufika bara, watu wa nchi hii walikuwa wamekwisha kulijibu swali hilo kwa njia yao. Waata, ambao zamani waliitwa Waliangulu, wenyeji wa nyika iliyo nyuma ya Malindi mpaka upande wa Tsavo, waliwinda tembo kwa upinde. Upinde wao ulikuwa mgumu mno, hata kuuvuta kulitaka nguvu ipitayo ratili 100, yaani zaidi ya kilo 45. Mshale wake ulipakwa sumu iliyopikwa kutoka mti wa msunguti, nayo ni sumu ishikayo moyo. Mwindaji alinyemelea mpaka akamkaribia mnyama kabisa, akalenga sehemu laini ya ubavu pasipo na mifupa minene. Kazi ya kuua haikufanywa na ukubwa wa jeraha bali na mahali sumu ilipofika. Naomba msomaji alikumbuke jambo hili, maana wawindaji wa kigeni walitumia miaka mingi na fedha nyingi kabla ya kuufikia ukweli ulio jirani na huo.

Bunduki za kwanza zilizoenea bara pamoja na biashara ya pembe za ndovu zilikuwa magobori, ambayo baruti na risasi zake hushindiliwa kwa mdomo wa mtutu. Baruti ya zamani, ile nyeusi, haikuwa na nguvu ya kuirusha risasi kwa mwendo mkubwa. Basi mtu aliyetaka nguvu zaidi alikuwa na njia moja tu, kuiongeza risasi yenyewe. Hivyo mitutu ikazidi kupanuka hata ikafika kiasi cha ajabu. Frederick Selous, Mwingereza aliyefika Afrika ya Kusini mwaka wa 1871 akiwa kijana wa miaka 19, alianza kuwinda tembo kwa bunduki ambayo ratili moja ya risasi ilitoa vipande vinne tu vya kuipiga. Yaani kila kipande kilikuwa na uzito wa gramu 113 hivi. Alikwenda mbio kwa miguu huku baruti imo ndani ya mfuko wa ngozi kiunoni, akiichota kwa mkono. Siku moja bunduki yake ilishindiliwa mara mbili kwa bahati mbaya, naye alipofyatua ilimrusha nyuma na kumwangusha vibaya. Baadaye alieleza ya kwamba bunduki zile zilimharibia shabaha kwa muda mrefu, kwa sababu mwili ulikwisha jifunza kuuogopa mshindo. Hili ni jambo ambalo wauzaji hawakulitangaza: bunduki kubwa humjeruhi pia yule aishikaye. (Selous mwenyewe hakuuawa na mnyama. Alipigwa risasi na askari wa upande wa Wajerumani huko Beho Beho, karibu na mto Rufiji, tarehe 4 Januari, 1917, naye amezikwa papo hapo.)

Mageuzi yalitoka Ufaransa. Mwaka wa 1884 mkemia Paul Vieille alivumbua baruti isiyotoa moshi, yenye nguvu iliyoishinda ile nyeusi kwa mbali. Miaka miwili baadaye jeshi la Ufaransa likawa na bunduki yenye mtutu mwembamba, na mataifa mengine ya Ulaya yakafuata mbio. Sasa risasi ndogo iliweza kwenda kwa mwendo ambao babu zao hawakuuota. Mwaka wa 1898 mafundi wa Rigby wa London walitoa bunduki ya .450 ya baruti mpya. Tarakimu hiyo, kama zitakazofuata, yaonyesha upana wa risasi au wa tundu la mtutu kwa sehemu za inchi. Risasi yake ilikuwa na uzito wa gramu 31, nayo ilifanya kazi iliyokuwa ikifanywa zamani na vipande vya gramu 100. Mwaka huo huo wa 1898 Mauser wa Ujerumani alikamilisha bunduki ya komeo, ile ambayo mwenye kuitumia huvuta chuma nyuma na kukisukuma mbele, ganda tupu likaruka nje na risasi mpya ikaingia. Mtutu wake ni mmoja, lakini risasi tano zingoja ndani yake.

Mwaka wa 1898 wafahamika kwetu kwa habari nyingine pia. Ndio mwaka ambao simba wawili waliwala wafanya kazi wa reli ya Uganda palipojengwa daraja la Tsavo. Mhandisi aliyekuwa na jukumu la daraja hilo, J. H. Patterson, alitumia zaidi bunduki ya .303 ya namna ya kijeshi. Siku moja, akitumaini kupata nguvu zaidi, alichukua bunduki kubwa ya mitutu miwili ya kuazima. Simba alimtokea karibu sana. Patterson akalenga vizuri, akafyatua, na bunduki ikagoma. Kwa mshangao aliokuwa nao alisahau kwamba mtutu wa pili ungali na risasi, na lau simba asingalishtuliwa na kelele za watu, tusingalikuwa na kitabu chake. Simba hao wawili aliwaua mwezi wa Desemba. Uchunguzi wa wataalamu uliotangazwa mwaka wa 2009 wakisia kuwa walikuwa wamekula watu 35 hivi. Mimi husoma sehemu hiyo ya bunduki ya kuazima kwa makini kuliko sehemu za simba, kwa kuwa yaonyesha ya kwamba bunduki mtu aliyoizoea, hata ikiwa ndogo, ina thamani ambayo haiandikwi katika orodha ya bei.

Tajiri hakuhitaji kuumiza kichwa kwa swali letu. Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alishuka Mombasa mwezi wa Aprili, 1909, pamoja na mwanawe Kermit, akiwa na bunduki tatu hasa: Springfield ya .30 kwa wanyama wa kadiri, Winchester ya .405, na ile kubwa ya mitutu miwili ya Holland & Holland aliyozawadiwa na marafiki wa Uingereza. Mizigo yake ilichukuliwa na wapagazi zaidi ya 200, na kila bunduki ilikuwa na mtu wa kuibeba. Karibu na Mlima Kenya alimpiga tembo wake wa kwanza kwa bunduki ile kubwa, mtutu wa kwanza na wa pili. Mara tembo mwingine akapasua kichaka na kutokea karibu naye, na bunduki ilikuwa tupu. Roosevelt aliruka nyuma ya mti akitia risasi nyingine, na R. J. Cuninghame, mwindaji aliyemwongoza, ndiye aliyempiga tembo yule na kumgeuza. Hapo twauona upungufu wa bunduki kubwa ya mitutu miwili: ni upesi sana kwa risasi mbili, na baada ya hizo ni fimbo ya bei kubwa.

Sasa tufike kwa mtu aliyelitibua swali lote. Walter Bell, Mskoti aliyezaliwa mwaka wa 1880, aliingia Karamoja, kaskazini-mashariki ya Uganda, katika miaka ya mwanzo ya karne ya ishirini, nchi ambayo ilikuwa bado haijashikwa barabara na serikali. Aliishi humo miaka kadhaa akiwafuata tembo kwa ajili ya pembe, akiongozwa na wenyeji, mmoja wao akiwa mkuki hodari wa Kikaramojong aliyemtaja vitabuni kwa jina la Pyjale. Katika maisha yake Bell aliua tembo zaidi ya 1,000. Na wengi wao aliwaua, si kwa mitutu mipana, bali kwa bunduki ya komeo ya.275, ambayo risasi yake ina uzito wa gramu 11 tu. Ni kama theluthi moja ya uzito wa risasi ya .450. Bunduki hiyo kwa asili yake ilikuwa silaha ya askari, na kwa kadiri ya vitabu vya siku zile yafaa kwa swala na kongoni.

Aliwezaje? Bell hakuwa mchawi, bali mwanafunzi mzuri. Alipasua kichwa cha tembo kwa msumeno ili aone ubongo umekaa wapi, akagundua kuwa fuvu lile kubwa kwa sehemu nyingi ni mfupa wenye matundutundu kama sega la nyuki, na ubongo wenyewe ni kitu kidogo kilichojificha nyuma, chini. Akajizoeza kuipata njia ya kuufikia kutoka kila upande, mbele, kando, na hata kwa nyuma. Tena alichagua risasi ndefu nyembamba iliyovikwa chuma kigumu kote, isiyotanuka wala kupinda. Mtu apigaye msumari mnene na msumari mwembamba katika ubao mmoja kwa nyundo ile ile atafahamu kwa nini ule mwembamba ulizama zaidi. Bunduki yake ilikuwa nyepesi. Aliibeba mwenyewe mchana kutwa, na ilipolia haikumtikisa bega, kwa hiyo hakuiogopa. Hata nyasi zilipomzidi kimo alipanda juu ya ngazi ndogo iliyobebwa na watu wake, akapiga akiwa amesimama juu yake.

Kwa hiyo wako waliosema, na wangaliko wasemao, kwamba jibu limepatikana: bunduki ndogo yatosha kwa kila mnyama. Mimi naona kuwa hao walimsoma Bell nusu nusu. Bell alipiga tembo wengi ambao walikuwa hawajajifunza kuogopa bunduki, mara nyingi katika nchi ya wazi, naye alikuwa na nafasi ya kungoja mpaka kichwa kigeuke kama atakavyo. Aliweza kuacha kupiga leo akapiga kesho. Mgeni aliyelipia siku 21 hakuwa na kesho nyingi. Alipiga alipopata, katika kichaka kizito, moyo ukimdunda, na risasi ya gramu 11 ikipotea njia hata kwa kiasi cha upana wa kiganja haikufika popote pa maana. Tembo au nyati aliyejeruhiwa akakimbia. Na nani aliyetangulia mbele katika majani kumfuata? Ni mfuata nyayo, Mkamba au Mwata au Mndorobo, mwenye macho mema na pengine hana silaha yoyote mkononi. Vitabu vya wawindaji vimejaa majina ya watengenezaji wa bunduki. Majina ya watu hawa ni machache, na ya waliouawa ni machache zaidi. Sisemi haya kwa kuwaonea chuki waandishi wale, lakini mwanafunzi asomaye habari ya risasi iliyokosa na aulize ni nani aliyekuwa amesimama mbele.

Kati ya gramu 11 za Bell na gramu 31 za Rigby palikuwa na nafasi wazi, nayo ilijazwa na mafundi wawili kwa sababu mbalimbali. Wa kwanza alikuwa Otto Bock wa Berlin. Mwaka wa 1905 alitunga risasi ya milimita 9.3, yenye uzito wa gramu 18 na nusu hivi. Aliowafikiria ni walowezi na wawindaji wa makoloni ya Wajerumani katika Afrika, pamoja na ile ambayo siku hizi ni Tanzania bara. Walowezi hao hawakuwa Roosevelt. Mwenye shamba alihitaji kitu kimoja cha kupata nyama, cha kumfukuza kiboko mazaoni, na cha kujiokoa siku ya nyati. Werevu wa Bock ulikuwa katika urefu wa ganda, kwani aliupima ili liingie katika Mauser ya kawaida, ile ile iliyotengenezwa kwa maelfu kwa ajili ya majeshi, na kwa hiyo bunduki yake iliuzwa kwa bei ambayo mkulima aliweza kuilipa. Kwa maoni yangu hili ndilo jibu la kwanza la kweli la swali letu, kwa kuwa lilimfikiria mtu asiye na mpagazi.

Wa pili walikuwa Holland & Holland wa London, ambao mwaka wa 1912 walitoa .375. Risasi yake nzito ni ya gramu 19 na kidogo, lakini baruti yake ni nyingi zaidi, na mwendo wake hufika karibu mita 770 kwa sekunde. Palikuwa pia na risasi nyepesi zaidi kwa bunduki iyo hiyo, za gramu 15 na 17 hivi, zilizokwenda kasi zaidi na kufaa kwa swala wa mbali. Hapo pana jambo ambalo Waata wangalilitambua mara moja, kwani bunduki ni ile ile, mwindaji hubadili risasi tu. Kwa pofu na simba alitia ile yenye ncha laini, itanukayo mwilini na kumwangusha mnyama upesi. Kwa tembo na kifaru alitia ile iliyovikwa chuma kote, ipenyayo moja kwa moja. Bunduki hiyo haikuwa bora kabisa kwa mnyama hata mmoja. Kwa swala ilizidi, na kwa tembo ajaye mbio kichakani wengi walitamani kitu kizito zaidi. Sifa yake ni kwamba haikuwa mbaya kwa yeyote, na mtu wa kawaida aliweza kuipiga bila ya kufumba macho.

Wawindaji wa kazi hawakukubaliana wote. Harry Selby, aliyewaongoza wageni kutoka Nairobi, alipoteza bunduki yake ya mitutu miwili ilipokanyagwa na gari. Akanunua kwa dharura ya .416 ya komeo iliyokuwapo dukani, naye akaipenda hata akaitumia kwa miaka mingi sana. Lakini kazi ya Selby haikuwa kupiga swala. Kazi yake ilikuwa kummaliza mnyama aliyejeruhiwa na mgeni, na kwa kazi hiyo gramu 26 zafaa kuliko 19.

Hatimaye sheria iliingia katika mabishano haya. Katika nchi kadhaa za Afrika zilizoruhusu uwindaji, .375 iliwekwa kuwa mpaka wa chini: mwenye bunduki iliyo ndogo kuliko hiyo asimpige tembo, wala nyati, wala kifaru. Wako waliolalamika kwamba sheria hiyo ingalimkataza Bell mwenyewe. Ni kweli, ingalimkataza. Lakini sheria haitungwi kwa ajili ya mtu mmoja katika maelfu; hutungwa kwa ajili ya yule aliyefika juzi, ambaye shabaha yake hutetemeka, na kwa ajili ya mfuata nyayo aliye mbele yake. Hata hivyo sheria za uwindaji za wakati wa ukoloni zilikuwa na upande mmoja ambao haufai kufichwa. Zilihesabu kwa uangalifu upana wa mtutu wa mwenye leseni, na upinde wa Mwata zikauita ujangili. Katika miaka ya 1956 na 1957 askari wa wanyama wa Tsavo waliwasaka wawindaji wa Kiwata kwa nguvu nyingi, na wengi wao walifungwa. Haja ya kuwalinda tembo ilikuwa ya kweli, lakini ujuzi wa vizazi vingi ulikwenda nao gerezani.

Nchini Kenya mabishano ya bunduki moja yalikatwa mwezi wa Mei, 1977, serikali ilipopiga marufuku uwindaji wa wanyama wa porini, na mwaka uliofuata biashara ya ngozi na pembe zao ikafungwa pia. Katika Tanzania, Namibia na Afrika ya Kusini wawindaji wenye leseni wangali wakibishana juu ya .375 na milimita 9.3 kama walivyobishana babu zao. Kwetu sisi, tembo akiingia katika shamba la mahindi huko Taita au Laikipia, mwenye shamba hupeleka habari kwa askari wa wanyamapori, kisha hungoja akipiga debe ili amfukuze. Na askari akifika ndiye mwenye bunduki.